Mama wa Mashuuru aliniombea mwaka mzima

Leo nimelia huko Mashuuru, mbele ya mbuzi.

Mwaka jana nikiwa chuo nilimuuliza mama mmoja huko maswali mengi ya utafiti wangu, kuhusu nyasi zinazovumilia ukame. Leo nimerudi na gunia mgongoni. Hata sijaketi, akanishika mkono.

"Ulianguka mtihani?"

Mtihani gani tena?

"Yale maswali. Wengine huuliza wakaenda, hakuna hurudi. Nimekuona nikajua nilikujibu vibaya. Na vile nimekuombea!"

Jameni. Mimi na digrii yangu, nikalia mbele ya mbuzi wake.

Nikafungua gunia. Ni mbegu za ile nyasi alinitajia. Tuliipanda chuoni, ikamea.

"Yeyo, mama yangu, tulipita. Hizi ni zako."

Wenzangu mliohoji watu ndio mhitimu, mlirudi?