Mikebe Iliyokatwa Getini

Siku yangu ya kwanza kubeba dagaa kwa baiskeli kutoka ziwani Muleba, Deo, mchukuzi mwenzangu, alinifungia mkebe kabla hajanionyesha njia. Mkebe wa rangi wenye kokoto ndani, unaning'inia chini ya keria, unapiga kelele safari nzima.

"Baiskeli haina kishindo," aliniambia. "Mbogo ukimtokea ghafla hakimbii. Anakuja."

Njia yetu inakatiza porini, na zamani ulimsalimia askari wa pori getini ukapita. Pori lilipofanywa hifadhi ya taifa zikaja taratibu: kibali cha siku moja, usitoke nje ya njia yenye vigingi, jioni geti linafungwa. Hizo sikugombana nazo. Kule hata mchana niliogopa.

Kisha akaletwa mkuu wa geti, Kamugisha. Namtaja.

"Hapa si sokoni," alisema siku moja tulipofika getini. "Watalii hawakuja kusikiliza mikebe. Kateni."

"Waitu mkuu, na mbogo?" Deo akauliza, kwa heshima ya Kihaya.

"Unamjua mbogo kunishinda mimi?"

"Simjui. Ndiyo maana nampigia kelele."

Askari wakacheka, Kamugisha hakucheka. Akasema asiyekata hapati kibali, na dagaa wake waozee hapo. Aliyeshika koleo ni Rwiza, msaidizi wake, mtoto wa mchukuzi kama sisi. Kazi ya mkebe aliijua. Alikata bila kututazama.

Tukaingia kimya, Deo mbele. Tulijaribu kuimba, lakini na mzigo ule mlimani pumzi haitoshi. Nikawa nasikia mnyororo wangu tu, na moyo. Mteremkoni Deo akaniacha. Nilipopinda kona nilikuta mbogo amesimama juu ya baiskeli ya Deo, dagaa wametapakaa, mwenyewe kando hasogei. Mbogo akanigeukia mimi.

Mguu huu ulivunjikia pale. Deo hakuamka.

Msibani kwao Deo, Kahororo, nilipelekwa nimebebwa. Kamugisha alisimama mbele ya mama wa marehemu akasema Deo alitoka nje ya njia. Uongo. Alilala katikati ya vigingi, niliona. Rwiza, aliyekwenda kumwokota, alikula matoke ya msiba akanyamaza.

Sasa naziba pancha hapa Nshambya. Vijana mnaosoma haya mnaniuliza kibali kinapatikanaje, nami nawaelekeza. Geti ni lile lile na Kamugisha bado yupo.

Juzi mwanangu Edi amenunua baiskeli yenye keria pana. Hajaniambia ataipeleka wapi. Naogopa kumuuliza.