Nilimtia Dume Bandani, Nikamkosa Mwanaidi

Kosa ni langu, jamani, sungura hana hatia! Nayasema hapa kwa kuwa mtaani kwangu Temeke siwezi, watanicheka mpaka nihame.

Nilikuwa nalisha sungura wa maabara katika hospitali moja ya mjini. Mwanamke akishukiwa mimba, daktari humdunga sungura jike mkojo wa yule mwanamke. Baada ya siku mbili humpasua na kutazama vifuko vyake vya mayai. Sungura jike hatoi yai mpaka apandwe na dume, au adungwe mkojo wa mwenye mimba. Yai likitoka, tundu lake huvia damu, kisha huwa kinundu cha manjano. Kinundu kikionekana, basi mimba ipo.

Kwa hiyo amri ilikuwa moja: dume asiwakaribie! Lakini mimi, mjuaji, nikawaona majike wale wamekaa kama wako eda. Nikawahurumia. Kusema kweli nilitamani pia vitoto vya kufuga kwangu. Basi kila asubuhi, kabla daktari hajafika, nikawa namwingiza dume mmoja niliyemwita Liwali. Lo, alivyoipenda kazi!

Ikaja chupa ya mkojo wa Mwanaidi, mchumba wangu. Alikuwa ametoka kuugua homa, siku zake hazionekani, na mama yake ameingiwa na wasiwasi. Daktari akapasua sungura, akasema, "Huyu ana mimba."

Nami sikuwa nimemgusa hata kwa kidole! Nikaenda kwao mbio, nikapayuka mbele ya wazee wake, "Ndoa hakuna! Mwenye mimba yake atafutwe!" Mwanaidi alilia, akaapa. Sikumsikiliza. Yarabi, ulimi huu!

Wiki ile kila chupa ilijibu mimba. Daktari akashuku, akapima mkojo wake mwenyewe. Naye akaonekana mjamzito, na masharubu yake yote! Hapo nikakiri.

Nikarudi kwa Mwanaidi, nikapiga magoti mlangoni. "Nisamehe, mwenzangu. Ni Liwali."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. "Sungura maiti ulimuuliza, ukamwamini," akasema. "Mie niko hai, hukuniuliza." Akafunga mlango.

Kazi nilifukuzwa, Liwali nikaambiwa niondoke naye. Sasa tunakaa makapera wawili, yeye anatafuna majani, mimi najuta.

Vijana wenzangu, nawaonya: kabla hamjapayuka kwa wakwe, muulizeni mchumba kwanza! Mwanaidi ameolewa Kunduchi. Juzi nimesikia ana mimba, na safari hii hakupasuliwa sungura.