Zukini Mbichi Mlangoni pa Jikoni

Mimi nina mdomo, sikatai. Kipindi kile mama mkwe alipokaa kwetu Maisaka nilikuwa nagombana mpaka na sufuria. Alikuwa katikati ya matibabu ya saratani, na harufu ya kitunguu kikikaangwa ilimtapisha. Uji aliusukuma. Ndizi alizitazama tu. Supu ya samaki wa ziwani, ambao mume wangu aliwafuata mwenyewe alfajiri, akaifunika kwa sahani na kusema, "Ahsante mwanangu, nimeshiba." Ameshiba nini, jamani? Hewa?

Daktari alikuwa ametuambia wazi: uzito ukishuka tena, dawa ya awamu ijayo hapewi. Zilibaki siku tisa. Niliogopa sana, na woga wangu mimi hutoka kama hasira.

Nikaacha kabisa kukaanga. Mume wangu na watoto wakawa wanakula kwa jirani, Mungu ambariki mama yule. Ana kishamba Bagara, analima zukini za kuuzia hoteli za watalii, viboga virefu vya kijani kama matango. Zilizopinda watu wa hoteli hawazitaki, basi akaniletea mfuko mzima. "Kata nyembamba, ule mbichi hivyo hivyo," akaniambia. Nilimcheka. Kwetu kachumbari ni nyanya na kitunguu. Boga bichi ni la ng'ombe.

Lakini mchana ule nilikuwa na njaa, na jiko nimelizima mwenyewe. Nikakaa kwenye kigoda mlangoni pa jikoni, nikakata zukini mbili nyembamba mpaka unaona kisu upande wa pili. Nikanyunyiza chumvi, nikaziacha zitoe maji, nikazikamua kwa mkono. Nikatia maji ya limao, giligilani kidogo na kijiko cha mafuta ya alizeti, juu nikamwagia karanga zilizopondwa. Nikaonja. Heh! Zilitafunika vizuri kama tango changa, ila tamu zaidi, na hazikunukia kitu kingine zaidi ya limao na giligilani.

Nikala kwenye bakuli lile lile nililochanganyia, kwa vidole, na hasira zangu zote. Mama akatokea akielekea chooni, amejishikiza ukutani. Na mimi, mdomo umejaa, bila kufikiri, nikasema kile nilichofundishwa tangu mtoto: "Karibu, mama."

Akasimama. Siku zote hizo nilikuwa nampelekea chakula kitandani, kwenye sinia, chakula cha mgonjwa, na mgonjwa anaruhusiwa kukataa. Hiki hakikuwa chake. Amemkuta mtu anakula, amekaribishwa, na mama mkwe wangu, mkulima wa Dareda aliyefunzwa akafunzika, hawezi kukaribishwa akapita bila kuonja. Kwake hiyo ni dharau. Akainama, akachukua kipande kimoja cha adabu, akatafuna. Mimi nikageukia pembeni kujifanya natafuta chumvi.

"Nini hii?"

"Boga, mama. Halijapikwa."

"Kumbe humu ndani mmeshakuwa mbuzi?" Akachukua cha pili. Akakitafuna polepole, akameza, akatulia kidogo kusikiliza tumbo lake. Halafu akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Ninawishe," akasema.

Nilimnawisha huku machozi yananidondokea kwenye beseni. Akajifanya hayaoni.

Toka siku hiyo sinia sikulibeba tena. Kila baada ya saa mbili tatu niliketi mlangoni na bakuli langu: zukini na yai la kuchemsha, zukini na parachichi, zukini na viazi vilivyopoa. Mama akitokea tu, "Karibu." Naye anachukua kidogo, kisha kidogo tena. Siku ya mzani ilipofika, uzito wake haukuwa umeshuka. Wangu ndio uliopanda, na sikuona aibu hata chembe. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru jirani, nikazishukuru na zile zukini zilizopinda.

Sasa amerudi kwake Dareda, na kando ya mahindi amepanda zukini. Juzi nilikwenda kumsalimia nikitokea kwenye sherehe ya kipaimara, nimekula pilau mpaka gauni linanibana. Nikamkuta kwenye mlango wa jiko lake, bakuli mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

Pa kuweka hata punje sikuwa napo. Nikavuta ndoo, nikaigeuza, nikakaa.

"Ninawishe, mama," nikasema.