Chumba Chenye Mlango Mpana

Kwa miaka ishirini na tisa Maxine Dombrowski alikuwa karani wa shule huko Ohio, na katika muda wote huo hakupoteza karatasi ya mtoto hata moja. Nalisema hili mapema ili usije ukadhani alikuwa mzembe. Alipostaafu, yeye na mumewe Leonard walihamia Zephyrhills, Florida, kwenye mtaa wa wastaafu ambamo kila mtu ana mvi na kila mtu ana kigari cha gofu. Leonard alipofariki, Maxine aliona akikaa bure atachanganyikiwa. Akasoma kozi, akapata cheti, akaweka kompyuta kwenye meza ya jikoni na kuwa wakala wa safari za meli.

Kazi aliiweza. Alijua nani hutapika bahari ikichafuka kidogo tu, na nani hataki kula meza moja na wifi yake. Ila yeye mwenyewe hakuwa amekanyaga meli tangu amzike Leonard, mwaka wa tano sasa. Aliwauzia wenzake bahari, akabaki kutazama picha zao kwenye simu na kusema, "Mmependeza!" Ndiyo maana lile kundi la wasafiri alilokuwa analikusanya kwa safari ya Februari lilimkaa moyoni. Kampuni ya meli ilikuwa na desturi yake: wakala akijaza vyumba vinane kwenye kundi lake, naye hupewa nafasi ya bure. Mwezi wa Julai Maxine alikuwa na vyumba saba.

Jirani yake Arlene Nyquist alikuwa anasafiri na meli hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, lakini alijiwekea nafasi mwenyewe kwa kampuni. Abiria wa namna hiyo huruhusiwa kuhamishia buking yake, yaani nafasi aliyoiweka, kwa wakala, mradi siku sitini hazijapita tangu aiweke. Arlene alikuwa amefikia siku ya hamsini na nane. Maxine alimfuata Jumapili ukumbini, kwenye chakula cha pamoja ambacho kila mtu huja na bakuli lake. Arlene alikuwa anampakulia mumewe Burt saladi ya viazi.

"Shoga yangu, si unihamishie tu hiyo buking? Nitakushughulikia kila kitu, wewe ukae ustarehe."

"Itanigharimu nini?" Arlene aliuliza.

"Hata senti moja. Mimi nalipwa na kampuni."

"Na chumba changu je? Habari ya chumba unaijua."

Aliijua. Mtaa mzima uliijua. Miaka miwili nyuma, kwenye meli nyingine, Arlene na Burt walipewa chumba cha kawaida, na kiti cha magurudumu cha Burt kikagoma kupita mlangoni. Kikaachwa nje koridoni. Burt, ambaye upande mmoja umekufa kwa kiharusi, akawa anajikokota kwa kushika kuta, na siku ya tatu akaanguka bafuni na kuvunjika nyonga. Arlene hakuweza kumwinua. Tangu hapo Arlene hatembei bila futikamba ya kupimia milango kwenye mkoba. Safari hii alipiga simu wiki mbili mfululizo mpaka akakipata chumba 8516, cha mwisho chenye mlango mpana katika meli nzima.

"Hakitaguswa," Maxine alisema. "Tia sahihi hapa."

"Tia, mama," Burt alidakia. "Saladi inapoa."

"Saladi ilikuwa baridi tangu mwanzo, mzee wewe."

Wakacheka wote watatu, na Arlene akatia sahihi.

Jumatatu Maxine alipiga simu. Karani wa kampuni alikuwa mchangamfu na mwenye haraka. Akapokea namba ya buking, akaandika, kisha akauliza, "Niihamishe tu, mama, au niiingize kabisa kwenye kundi lako?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wakala yeyote anajua kwamba kundi lina vyumba vyake, na chumba kilicho nje ya kundi lazima uombe kifungwe kwanza kwa jina la abiria kabla ya kusogeza chochote. Maxine alilijua hilo kama jina lake. Lakini kichwani alikuwa anahesabu nane. Akajiona yuko juu ya meli, upepo unampiga, kahawa mkononi.

"Iingize," alisema.

Karatasi ilipofika kwenye kompyuta, aliisoma mara mbili. Chumba 7244. Cha kawaida. 8516 kilikuwa kimerudi sokoni.

Alipiga tena, akangojeshwa kwenye muziki dakika ishirini na sita. Karani mwingine akamwambia kwamba wakala fulani kashaking'ang'ania 8516, bila kulipa bado. Muda wake unaisha kesho saa tisa alasiri. Asipolipa, kitaachiwa, na atakayewahi ndiye atakayekipata.

"Hakuna kingine chenye mlango mpana?"

"Hakuna, mama. Vyote vimejaa."

Maxine alikata simu. Hakula. Alifikiria kukaa kimya mpaka saa tisa ya kesho, labda mambo yatajinyoosha na hakuna atakayejua. Aibu yenyewe ni kwamba karibu afanye hivyo.

Jumanne saa saba mchana kigari cha Arlene kilisimama mlangoni. Aliingia bila kubisha.

"Nimepiga simu kampuni niwaulize habari ya kiti cha bafuni. Wamekataa kusema na mimi! Eti niongee na wakala wangu. Jina langu, mume wangu, hela zangu, halafu wananifukuza kama ombaomba. Kwa nini?"

"Ndivyo ilivyo ukishahama. Wanasema na mimi tu."

"Hukuniambia hilo."

"Sikukuambia," Maxine alisema. "Na kuna jingine. Kaa kwanza."

"Sikai. Sema."

Akasema yote, mpaka ile habari ya nafasi ya bure. Hakujipunguzia. Arlene alisikiliza amesimama, mkono umezama ndani ya mkoba.

"Nilikuuliza itanigharimu nini," alisema mwishowe, "ukanijibu habari za senti."

Kisha akavuta kiti, akakaa, akaweka futikamba juu ya meza baina yao.

Saa nane na nusu Maxine alipiga simu ili awe ndani ya laini muda ukifika. Muziki. Saa tisa kasoro tano, muziki bado. Saa tisa kasoro dakika moja akapokea kijana mmoja mwenye sauti ya usingizi.

"Mwanangu, nisikilize, usikate simu. Angalia 8516. Endelea kuangalia."

"Kimeshikiliwa, mama."

"Angalia tena."

"Bado... bado..." Kibodi ilisikika. Arlene alikuwa amefumba macho. "Ngoja. Kimeachiwa."

"Chukua! Kifunge! Jina Nyquist, nje ya kundi, kifunge sasa hivi!"

Kibodi ikalia tena.

"Kimefungwa," alisema kijana. "Ila bei imepanda, mama."

Tofauti ya bei ilimeza kamisheni yake yote, na akaongeza kutoka mfukoni. Vyumba vya kundi vikarudi saba, na safari yake ikafa hapo hapo. Hakuona uchungu wowote. Alichotaka ni Arlene atabasamu.

Arlene hakutabasamu. "Sasa nirudishie buking yangu."

"Haiwezekani. Kurudi ni mpaka tufute tuanze upya, na tukifuta chumba kinatoka tena."

"Kwa hiyo nimefungwa na wewe mpaka Februari."

"Ndiyo."

Arlene aliichukua futikamba yake na kuondoka.

Kesho yake saa mbili asubuhi simu ililia. "Nisomee," alisema Arlene, bila salamu. Maxine akafungua kompyuta, akasoma: "Nyquist, wawili, chumba 8516." Simu ikakatwa. Kesho yake tena, na kesho kutwa, na Krismasi vilevile. Agosti hakupata hata "haya." Novemba alipata "haya." Maxine alikuwa anakaa mezani tangu saa mbili kasoro robo, ukurasa ukiwa wazi, kwa sababu hakutaka kumngojesha.

Siku ya meli kuondoka Tampa, saa mbili ilipita kimya. Saa tatu, saa nne, saa tano. Maxine alizunguka jikoni, akafuta meza iliyokwisha kufutwa. Saa saba na dakika kumi simu ikalia. Nyuma yake kulikuwa na vishindo vya masanduku na watu wakiitana.

"Amepita mlangoni," alisema Arlene.

Kwa mbali sauti ya Burt ikapaza, "Mwambie hata vidole sikukwaruza!"

Maxine alishika ukingo wa meza.

"Kesho sitakupigia," Arlene alisema, akakata simu.

Maxine alilia sana, kwa raha na kwa uchungu pamoja. Asubuhi iliyofuata, saa mbili kamili, alikuwa amekaa mezani, ukurasa ukiwa wazi.