Twaiba Si Mfujaji

Mbele ya wanawake wenzake wote, katika darasa la chuo cha Kurani tunaloazimwa kwa mikutano hapa Tiwi, Twaiba aliitwa mfujaji. Hakuitwa hivyo na hasimu wala na mke mwenza. Aliitwa na Lewis, kijana wa mradi ulioahidi kutupa mtaji, aliyeshika kishikwambi akisoma majina yetu kwa sauti kama asomaye matokeo ya mtihani: huyu kijani, huyu manjano, huyu nyekundu. Alipofika kwa Twaiba, mweka hazina wetu tangu kikundi chetu cha washona makuti kilipoanzishwa, alisita, akasoma tena, kisha akatamka:

"Nyekundu. Mama Twaiba, ripoti inasema wewe ni mfujaji. Kila mwezi unatumia kuliko unachopata."

Twaiba alivuta ushungi wake, akainamisha uso. Lewis akaendelea kutusomea sharti: kikundi ambacho mweka hazina wake ni mwekundu hakitapewa mtaji. Tulitakiwa tumchague mwingine katika mkutano utakaofuata.

Ni nani huyu aliyeitwa mfujaji? Ni mwanamke anayeshona makuti ya kuezekea. Mapaa ya hoteli za Diani ambayo wageni huyapiga picha, mengi yamepita mikononi mwake yakiwa bado majani makavu ya mnazi. Oda zikija, hushona mpaka vidole vikachubuka. Zisipokuja, hukaa miezi bila kipato. Mtu wa kazi kama hiyo hulazimika kujua fedha yake inakwenda wapi, na Twaiba alijua. Alikuwa na makopo ya maziwa ya unga juu ya kabati: la chakula, la skuli, la misiba na sadaka, na la kununulia majani. Fedha ikiingia ndani haikulala kabla ya kugawanywa. Kopo la chakula likiwa tupu kabla ya wakati, hakugusa la skuli. Alichuma mchicha nyuma ya nyumba, akapika.

Mradi ulipokuja na programu yake ya simu inayoitwa Kadiria, tuliambiwa makopo ni ushamba. Tuliambiwa kwamba kila mwanamke lazima achague chombo cha kufuatilia matumizi yake, na chombo kilichowekwa mbele yetu kilikuwa kimoja tu. Ninauliza: huko ni kuchagua au ni kuchaguliwa? Hakuna aliyetuuliza nani anasoma vizuri, nani simu yake ni ya kubofya, nani anaona daftari linamfaa zaidi. Tulifundishwa asubuhi moja, tukapewa soda, tukapigwa picha.

Siku ya pili baada ya fedheha ile, jirani yake Esha alimfuata uani alikokuwa akishona.

"Hebu nipe hiyo simu niuone huo ufujaji wako. Labda una bwana unamlisha huko Ukunda, nasi hatuna habari."

"Esha, niache. Leo sina moyo wa mzaha."

"Nipe, bibi wee."

Esha akafungua programu, akasoma. "Mapato: za makuti. Sawa. Matumizi... Wee! Fedha zote hizi umezitumia wapi?"

"Sikuzitumia, nimeletewa. Si wameuliza matumizi? Hayo ni matumizi ya Alfani, anayonitumia kila Ijumaa kutoka Jego."

Alfani ni mumewe, fundi mwashi, na kwa sasa anajenga huko Jego. Esha aliishusha simu mapajani.

"Twaiba! Nami nimeandika hivyo hivyo. Nimeandika matumizi ya Swabir!"

Hapo ndipo uovu wote ulipofunuka. Kwetu pwani, matumizi ni fedha ambayo mume humpa mkewe kwa ajili ya nyumba. Mwanamke husema, "Mume wangu hajaleta matumizi," na hakuna asiyemwelewa. Kadhi mwenyewe, ndoa ikifikishwa mbele yake, huuliza kama mume anatoa matumizi. Programu iliuliza matumizi, nao wakajibu kwa ukweli. Basi fedha iliyotumwa na Alfani ikahesabiwa kuwa imekwisha kutumika kabla haijafika mkononi. Twaiba alipoinunulia unga ikahesabiwa kuwa imetumika tena. Na mahali pa mapato haikuonekana kamwe.

Walizunguka nyumba hadi nyumba. Walioolewa na wanaopewa matumizi, wote walikuwa wekundu. Waliokuwa kijani ni wajane na walioachwa.

"Kumbe dawa ya kuwa kijani ni talaka!" Esha alisema. "Basi Swabir akirudi leo namwambia aniandikie yangu."

Walicheka mpaka wakafuta machozi, lakini Twaiba alikuwa wa kwanza kunyamaza. Alivaa buibui lake, wakaenda ofisi ya mradi, Ukunda.

"Mambo, mama?" Lewis aliwapokea.

"Mambo umeyaleta wewe," Esha akamjibu.

Twaiba alimweleza taratibu, kisha akamuuliza, "Mwanangu, umeoa?"

"Bado, mama."

"Ukija kuposa huku kwetu, utaulizwa kama utaweza kutoa matumizi. Utasema huwezi kwa kuwa wewe si mfujaji?"

Lewis alicheka, kisha akaona kwamba amecheka peke yake. "Aki mama, sikujua. Lakini hiyo ni sistimu. Ripoti ishaenda Nairobi, haiwezi kurudishwa. Chagueni tu mweka hazina mwingine ndiyo mtaji utoke. Ni jina tu."

"Ni jina tu," Twaiba alirudia. "Mimi hushika amana za watu, mwanangu. Nikikosa jina, nani atanipa?"

Ni jina tu! Hivyo ndivyo wanavyosema watu ambao majina yao hayasomwi hadharani. Walioitunga Kadiria hawakumuuliza hata mwanamke mmoja, tangu Likoni mpaka Vanga, neno hili lina maana gani kwake. Na yule aliyeuweka mchango wa maziko, humo ndani ya programu, chini ya "Starehe na Mengineyo", sijui alikwenda kuzika wapi akastarehe.

Siku ya mkutano Twaiba alifika mapema. Aliuweka ufunguo wa kisanduku cha fedha za kikundi mkekani, mbele ya Sidi, mwenyekiti wetu, ambaye ni mjane.

"Uchukue, dada. Sitaki kikundi kikose mtaji kwa ajili yangu."

"Hakuna anayekushuku, Twaiba," alisema mwenzetu Jemima, "lakini mtaji ni mtaji. Tumchague mwingine kwa jina tu, na wewe uendelee kushika kisanduku."

"Kwa hivyo tuandike uongo ili tuonekane waaminifu?" Sidi aliuliza. "Na tukimwondoa, katika kumbukumbu tutaandika sababu gani?"

"Andikeni ana mume," Esha akadakia.

Sidi hakucheka. Alimrudishia Twaiba ufunguo, akataka tuinue mikono tunaotaka abaki. Jemima aliinua wa kwake mwisho, lakini aliuinua. Kisha tukaamua kwamba kila mmoja afuatilie fedha yake kwa chombo ambacho yeye mwenyewe anaweza kukieleza: Jemima alichukua daftari, Esha alibaki na simu lakini akaifuta Kadiria, Twaiba akarejea kwenye makopo yake.

Mtaji haukuja. Hoteli moja ya Diani ilitaka makuti kabla ya msimu wa wageni, nasi hatukuwa na fedha ya kununua majani. Oda ilikwenda kwa mchuuzi mwenye lori. Na huko Nairobi, kando ya jina la Twaiba, rangi nyekundu ingalipo mpaka leo.

Sasa ninasema nanyi mlioitunga Kadiria, na nanyi wa mradi mliotuletea. Msituambie tena kwamba sistimu haibadiliki. Iliandikwa na watu, na watu hao wanalipwa mishahara. Futeni alama hiyo kwa Twaiba na kwa kila mke mliyemhesabia matumizi ya mumewe kuwa ufujaji. Toeni mtaji mlioahidi bila sharti la kumvunjia mtu heshima. Na kabla hamjaipeleka programu hii Msambweni au kwengineko, kaeni na wanawake wa huko muwasomee kila neno, wawaambie linamaanisha nini. Barua ya kutushukuru kwa ushirikiano hatuihitaji. Tunataka barua inayosema kwamba Twaiba hakufuja fedha ya mtu, na chini yake pawe na jina na saini ya mtu, si ya mradi.