Sindano Iliyonifuata Kihanga

Jamani, hili nikilisimulia huwa naanza kwa kuinamisha uso, maana katika watu waliokuwa pale kilimani siku ile wengine bado wako hai, na kuna mama mmoja hapo sokoni Kihanga ambaye nikimwamkia hujibu vizuri tu, kisha husubiri nigeuke ili anitazame mgongo.

Ilikuwa wakati wa Wadachi. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka shule ya pwani, najua kusoma na kuandika na hesabu za kugawanya, nakaa dukani kwa ami yangu nikiuza kaniki na shanga na chumvi, na moyoni nikiona elimu yangu inaliwa na mende. Ndipo akaja Mdachi mmoja wa elimu ya maumbile, hakuwa askari wala mtu wa kodi, mzee mwembamba wa miwani anayezunguka nchi akipima nguvu ya sumaku iliyomo ardhini (nasi tukatazamana, kwani ardhini mna nini zaidi ya viazi na mizizi ya migomba?). Akatangaza kwamba anataka kijana aliyesoma, amjaribu siku moja, na akifaa atafuatana naye Kanoni na Kibingo hadi mpakani, huku akifundishwa kazi yenyewe. Nafasi kama hiyo sikuwahi kuisikia hata pwani.

Sasa, kanzu yangu ya heshima ilikuwa imechanika nyuma, kutoka kiunoni kushuka, na kikoi changu cha kuvalia ndani kilikuwa kimefuliwa hakijakauka. Mtu mwenye akili angeomba sindano akashona. Mimi nikaona nitachelewa. Ami alikuwa safarini Bukoba, nikamwomba mkewe, Bi Zuhura, joho la ami la sikukuu, refu mpaka miguuni, nikalivaa juu ya ile kanzu nikapanda kilima, muuza chumvi ndani ya joho kama kadhi.

Pale juu palikuwa na hema la kitambaa na meza isiyo na hata msumari mmoja. Mezani kulikuwa na sindano ya sumaku imening'inizwa kwa uzi mwembamba ndani ya sanduku la kioo, na ubavuni darubini ndogo ya kuitazamia. Mzee akaniambia, kwa Kiswahili chake cha taratibu, niache nje kila kitu cha chuma. Nikatoa kisu, nikatoa funguo, nikatoa pete. Akauliza kama nimebakiwa na kingine, nikaapa sina, nikasogea.

Ile sindano ikageuka.

Sikuigusa, wallahi. Ilitoka ilipokuwa imetulia ikanielekea mimi, taratibu, kama mtu aliyeitwa jina lake. Nikarudi nyuma, nayo ikarudi. Nikazunguka upande wa pili wa meza, ikayumba ikanifuata. Mzee akafikiri kilima kina mawe ya chuma (na Karagwe chuma kipo, wahunzi wetu wanakijua), akaamuru tuhamie kilima cha pili, wapagazi wakabeba kila kitu, na watu waliokuja kutazama wakafuata nyuma yetu wakiongezeka kila shamba tulilopita. Kule nako nikasogea, nayo ikanigeukia.

Kati ya watazamaji alikuwepo Mzee Bagenda, ambaye ng'ombe wake alikuwa amepotea. Alitazama ile sindano, akanitazama mimi, kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, "Hicho kidole kinamjua mtu wake. Mwulizeni huyu Mswahili ng'ombe wangu yuko wapi."

Wanaume wawili wakahamia nyuma yangu. Nami, niseme kweli, kwa jinsi nilivyoona kitu kisicho na macho kikinitafuta, nilianza kujiuliza kama kweli sikuiba.

Mzee wa miwani hakumtazama Bagenda. Alikuwa ananitazama mimi, kuanzia kofia mpaka miguu.

"Vua joho," akasema.

"Bwana, hili siwezi kulivua."

"Kwa nini?"

Ningejibu nini mbele ya umma ule? Kutovua ni kukiri wizi, na kuvua, yaliyo chini yake mnayajua. Nikavua. Upepo wa kilimani ukaikamata kanzu ukaifungua kama pazia, na wanawake waliokuwa nyuma yangu wakapiga vigelegele kama vya harusi. Yule mama wa sokoni alikuwa mbele yao.

Lakini mzee alilitundika joho kwenye fimbo, akalipeleka huku na huku, na sindano ikalifuata joho, mimi ikaniacha. Akapasua bitana. Zikamwagika sindano za kushonea, pakiti kwa pakiti, bidhaa ambazo ami alizifichia humo kwa kuhofia wezi akiwa safarini, bila hata mkewe kujua. Bagenda aliinama akaziangalia, akaondoka (ng'ombe wake alikutwa bondeni, ndani ya kundi la jirani, ananenepa).

Nikadhani nafukuzwa. Mzee akanipa blanketi nijifunge, akaniita kwenye darubini. Nikaiona ile sindano imetulia, inatetemeka kidogo sana, na akaniambia inashikwa na dunia yote kwa pamoja. Akaniamuru nikae niitazame na kumtajia inaposimama. Nikakaa mpaka jua likageuka, na macho yangu yakaona inahama, kiasi kidogo kuliko unene wa unywele, bila mtu kukaribia. Nikamwuliza nani anaisukuma sasa.

Akasema, "Sababu yake hasa hatuijui bado. Ndiyo maana nimekuja."

Nilikuwa nimesoma kwa walimu wengi, na hakuna aliyewahi kuniambia hajui. Nilisahau upepo, nikasahau vigelegele, nikamwomba nikae tena. Nikafuatana naye mpaka Kibingo na mpakani.

Ila joho la mtu sijavaa tena, wala sitavaa. Anayetaka kunipima na anipime na matundu yangu, na akina mama wacheke wachoke.