Gari la Mjomba Sikulimwagia Maji

Nilimdanganya mjomba wangu bila kutumia hata neno moja. Niliitikia kwa kichwa tu. Leo mjomba hana kazi aliyokuwa nayo, na aliyemponza ni mimi.

Naandika polepole. Shule niliishia darasa la nane na kalamu hainipendi sana. Lakini kusema ndiko kunakonishinda zaidi. Mbele za watu ulimi wangu unakuwa mzito kama umefungwa jiwe. Gereji ninakofanya kazi, hapa Ukunda, wananiita Bubu, na nimezoea.

Mjomba ni kaka yake mama. Kwetu Wadigo mjomba ni mtu mkubwa, humjibu ovyo, na akikutuma huulizi mara mbili. Alifanya kazi ya jikoni hotelini miaka mingi. Alipostaafu akanunua gari la mtumba lililotoka Japani, lenye kile kidirisha cha kioo juu ya paa, sisi mafundi tunakiita sanrufu. Hoteli moja ya Diani ikaliingiza gari lake katika orodha ya magari ya kubeba wageni. Wageni walikipenda sana kile kidirisha. Kikifunguliwa, wanatoa vichwa wanatazama mbega juu ya miti.

Masika yalipoingia gari likaanza kuvuja. Kapeti ya upande wa dereva ikawa inalowa, na ndani kukawa na harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye ndoo. Mgeni mmoja akadondokewa na maji begani. Msimamizi wa magari pale hotelini akamwambia mjomba waziwazi: mgeni mwingine akilowa, jina lako nalitoa.

Basi akalileta gereji. Mutiso, mwenye gereji, akalizunguka mara moja, akasema, "Mzee, hii niachie mimi mwenyewe. Hizi sanrufu zina mambo."

"Ahsante, bwana," mjomba akajibu, "lakini hapa nina mtoto wa dada yangu. Nimpe mtu baki kazi na damu yangu ipo?"

Mutiso akacheka. "Sawa. Bubu, umepewa gari. Ukikwama uliza, sitakukula."

Sikuuliza. Nilikuwa sijawahi kutengeneza sanrufu hata siku moja, lakini mjomba ameshanisifu mbele ya gereji nzima, nitaanzaje kusema sijui? Ndugu yangu unayesoma, hapo ndipo nilipoanza kupotea.

Nilitazama mpira unaozunguka kioo nikaona una nyufa. Nikasema moyoni, ni huu. Nikachukua silikoni nikaziba pande zote nne, nikapasawazisha kwa kidole, pakapendeza. Mjomba akaondoka ameridhika.

Siku ya tatu akarudi. Wageni wanataka kidirisha kifunguliwe na hakifunguki, nimekigandisha. Mvua nayo imenyesha na kapeti imelowa vile vile. Nilitamani kulia. Nilikaa siku nzima nabandua silikoni kwa wembe, nikakwaruza rangi, nikajikata kidole, na mpira wenyewe nikauchana. Kila nikidhani imeisha naona nyingine imejificha kwenye kona. Mutiso akipita ananiambia, "Bubu, unanyoa gari?" Wenzangu wanacheka. Mimi nabandua tu.

Nilipofungua kioo chote ndipo nikaona nilichopaswa kuona siku ya kwanza. Chini ya kioo kuna mfereji mdogo unaozunguka, na kila kona ina tundu. Kumbe sanrufu haizuii maji yote. Mengine huingia kwenye ule mfereji, yakateremka kwa mipira myembamba iliyopita ndani ya nguzo za gari, yakatokea chini karibu na magurudumu. Matundu ya mbele yote mawili yalikuwa yamejaa majani ya mivinje, yale membamba kama sindano, yameoza yakawa tope. Mjomba huegesha chini ya mivinje pale hotelini kila siku ya Mungu. Maji yakikosa njia yanafurika, na dereva akikanyaga breki yanamwagika mbele.

Nilifurahi. Kwa mara ya kwanza niliujua ugonjwa. Na furaha ile ndiyo iliyoniharibia, maana nikafanya haraka. Nikachukua waya mgumu nikausukuma ndani ya tundu la upande wa dereva. Ukagoma. Nikausukuma kwa nguvu, nikahisi kitu kimeachia. Nikadhani ni uchafu umetoka.

Kilichobaki kilikuwa kumwaga maji. Unamwaga kila kona, kisha unainama chini ya gari uone kama yanatoka. Hilo halihitaji masomo, hata mtoto anaweza. Lakini siku ile mabomba ya Ukunda yalikuwa makavu, na mwenye mkokoteni wa maji alikuwa hajapita. Mjomba naye ameshafika, amevaa sare, ana wageni saa nane.

Mutiso akauliza kutoka kwenye meza yake, "Umejaribu na maji?"

Mjomba akanigeukia. "Umelimwagia, mwanangu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Kilikuwa kitu cha mara moja tu, ndugu yangu. Ningesema "bado", mjomba angekasirika kidogo, angeomba gari la mwenzake kwa siku moja, yakaisha. Nilimwona ameshika ufunguo mkononi, nikaona aibu.

Wiki moja haikunyesha. Mjomba akawa ananisifu kwa mama. Kisha akatumwa kwenda kuwachukua wazee wawili wa Kizungu, mume na mke, kutoka Shimoni awapeleke uwanja mdogo wa ndege hapa Ukunda. Walipopita Msambweni mvua ikashuka kama mbingu zimetobolewa. Maji hayakudondoka kutoka juu safari hii. Yalitoka ndani ya nguzo, yakapita kwenye boksi la fyuzi chini ya dashibodi, taa zikawaka zote, gari likazima. Yule mama wa Kizungu aliyekaa nyuma ya dereva viatu vyake vilijaa maji. Likaja gari jingine kuwachukua, lakini ndege ilikuwa imeshaondoka.

Asubuhi yake gari lilivutwa hadi gereji, na mjomba akaenda hotelini kujieleza. Mutiso mwenyewe akaufungua mfuniko wa nguzo ya upande wa dereva. Mpira wa kuteremshia maji ulikuwa na tundu ubavuni, safi, la duara.

"Bubu," akasema taratibu, "hii ni waya." Hakucheka. "Na ungemwaga maji ungeona. Hukumwaga?"

Nikatazama chini.

"Mwambie mjomba wako. Leo. Kabla hajasema mambo huko akakosa pa kurudi."

Nikasema nitamwambia. Na nilitaka, Mungu anajua. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Shikamoo mjomba, mjomba nimekukosea, mjomba siku ile sikumwaga maji. Maneno machache tu.

Mjomba akafika kwa bodaboda, jasho linamtoka. "Nawa mikono, vaa shati, twende. Msimamizi anakutaka. Nimemwambia gari lilipimwa kwa maji, hii ni hitilafu nyingine iliyokuja nyuma. Hakuniamini. Nimemwapia."

"Umemwapia, mjomba?"

"Wallahi nimemwapia. Kwani uongo?"

Mjomba si mtu wa kuapa. Hata akidaiwa jambo msikitini husema "Mungu ndiye ajuaye" akanyamaza. Siku hiyo aliapa kwa ajili yangu, na mimi nikapanda pikipiki.

Tulikaa watatu, yeye katikati, mimi nyuma, uso wangu mgongoni kwake. Nikasema nitamwambia tukishuka. Tuliposhuka akawa anasalimiana na askari wa lango. Tukaketishwa kwenye benchi nje ya ofisi, na tulikaa muda mrefu. Mjomba akaninong'oneza, "Usiogope. Sema tu ulivyofanya. Ulisafisha matundu, ukamwaga maji, basi." Nikaitikia kwa kichwa tena. Mara ya pili. Hiyo ya pili ndiyo inayonichoma hadi leo.

Msimamizi ni mama mmoja wa bara, mpole, anaongea bila haraka. Alitukaribisha vizuri. Akanitazama mimi.

"Kijana, mzee hapa ameniapia kwamba gari mlilijaribu na maji. Mimi si fundi, lakini nataka kuelewa. Mlimwaga maji kiasi gani, na yalitokea wapi?"

Swali kama hilo haliitikiwi kwa kichwa. Nikafungua mdomo, na kilichotoka hata mimi sikukitegemea.

"Sikumwaga."

"Samahani?"

"Sikumwaga maji. Mpira niliutoboa mimi kwa waya. Mjomba hakujua."

Nilidhani nikishasema ukweli nitapata nafuu. Niligeuka nikamwona mjomba. Alikuwa ameshika kofia yake magotini, anaigeuza, anaigeuza.

Yule mama akavuta pumzi. "Mzee, kuvuja ningekusamehe. Gari ni chuma, linaharibika. Lakini asubuhi ulikaa hapa hapa ukataja jina la Mungu."

"Niliapa kwa nililoambiwa, mama."

"Nakuelewa. Hata hivyo wageni siwezi kuwaambia hivyo." Akalifunga daftari lake. "Nitakuita nikipata nafasi."

Hajamwita.

Tulitoka kwa miguu hadi barabarani. Nilikuwa nangoja anitukane. Ningeona raha kama angenitukana.

"Ulijua tangu lini?" akauliza.

"Tangu siku ile ile, mjomba."

"Na kwenye pikipiki ulijua?"

"Nilijua."

"Na pale kwenye benchi?"

Nikainamisha kichwa.

"Basi," mjomba akasema, "mle ndani nilikuwa peke yangu."

Alisimamisha bodaboda, akanilipia, yeye akatembea.

Gari limepona. Mutiso aliweka mpira mpya, akasafisha matundu yaliyobaki kwa mshipi laini wa kuvulia samaki badala ya waya, akamwaga chupa moja ya maji kila kona nami nimeinama chini natazama. Yalitoka yote. Kazi nzima haikuchukua saa mbili. Kazi ya saa mbili, ndugu yangu, na mimi niliihangaikia siku kadhaa nikaiharibu.

Siku hizi mjomba ametoa viti vya nyuma, anabeba machungwa na maembe kutoka Kikoneni kuleta sokoni. Njia ya huko ni mbovu na mgongo wake si wa kubeba magunia tena. Nikimpa shikamoo anaitika marahaba. Kisha anageukia shughuli zake. Mama amejaribu kutukalisha pamoja, mjomba anasema hana kinyongo. Huenda ni kweli. Lakini gari likipata hitilafu hampi tena mtoto wa dada yake, analipeleka moja kwa moja kwa Mutiso, na mimi nipo pale pale, nimesimama na spana mkononi.

Nilikuwa nikidhani aibu yangu ni tabia njema. Watu husema huyu kijana mpole, ana adabu, haongei. Nami nikaamini hivyo. Kumbe adabu ingekuwa kumwambia mtu mzima ukweli kabla hajauweka ulimi wake rehani mbele za watu. Ile yangu ilikuwa woga, na mtu mwingine ndiye aliyeulipia.

Kwa hiyo nakuomba wewe uliye fundi kama mimi, na hasa wewe ambaye maneno yanakushinda. Sanrufu ikivuja usikimbilie silikoni. Angalia matundu kwanza, tumia kitu laini, usisukume kwa hasira. Ukimaliza mwaga maji, uyaone kwa macho yako yakitoka chini. Ukikosa maji ngoja, hata kama mwenye gari amesimama mlangoni na ufunguo.

Na akikuuliza kama ulimwaga, nawe hukumwaga, mjibu kwa mdomo. Mwambie "bado." Mimi nilishindwa kulisema neno hilo moja mbele ya mtu aliyenipenda, nikaja kuyasema mengi mbele ya mtu asiyenijua.